Mkia wa Kondoo na Visigino vya Mama Yudith

Sehemu ya Sita

Barua za wale walioniita mjinga zimenifikia, na sina ugomvi nao. Ila nawaomba wasome ya leo kwanza, kisha waongeze maneno, maana yale waliyotumia hayatoshi.

Kwa wewe uliyeingia leo, mimi ni Valentino. Baba yangu alitoka Songea akaja kuchuma chai katika milima hii ya Usambara, nami nikazaliwa kambini. Chai ilinishinda. Kazi ya kupasua mbao kule Magamba ikanipunguzia ukucha mmoja. Nikaishia kuosha chupa katika zahanati ya misheni, na huko nikajifunza, kwa kuchungulia tu, jinsi mwuguzi anavyochanganya dawa za kupaka.

Mwaka huo wa sabini na tano duka la kijiji chetu cha ujamaa lilikuwa na majembe, viberiti na muuza duka. Mafuta ya kujipaka hayakuwepo. Baridi ya huku haina huruma, na watu walipauka mpaka ungeweza kuandika jina lako kwenye mkono wa mwenzako kwa ukucha. Ndipo nikaanza kupika mafuta yangu mwenyewe nyumbani kwa rafiki yangu Saidi mwenye bucha, katika sufuria lake kubwa. Kikopo kimoja nilimpelekea Mama Yudith, ambaye magaga yake yalikuwa yanajulikana mpaka Mlalo. Sababu halisi ya ukarimu huo ilikuwa Yudith, binti yake.

Niliwaachia pale nilipoletewa ujumbe: "Mama Yudith anasema uje sasa hivi. Na uje na kopo lako."

Nilikwenda. Miguu ilikwenda mbele, roho ilirudi nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo."

Alikuwa jikoni, juu ya kigoda, amevua viatu. Akaunyoosha mguu mmoja mpaka karibu na pua yangu.

"Tazama. Unaona nini?"

"Kisigino, mama."

"Cha nani?"

"Chako, mama."

"Uongo! Hiki ni kisigino cha msichana wa kipaimara."

Nikatazama vizuri. Kweli, ile mifereji yote ilikuwa imefungamana. Kisigino kilikuwa kinang'aa.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "nikigeuka kitandani shuka linachanika. Leo wiki ya tano nampaka mtu huyu mafuta yako asubuhi na jioni." Akakipiga kisigino kofi la mapenzi. "Sasa wewe kijana, hebu tuongee. Mtu wa umri wako hachemshi mafuta mpaka macho yawe mekundu kwa ajili ya visigino vya mama wa miaka hamsini. Unatafuta nini katika nyumba hii?"

"Natafuta heri tu, mama."

"Heri imekwenda kuchota maji. Itarudi sasa hivi."

Nikainamisha kichwa. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sikiliza," akasema akishusha sauti. "Mimi nimekubali. Lakini baba yake hajui lolote, na mimi siwezi kumwambia. Kwetu mama hatangulii mshenga. Akitangulia, posa hiyo imekufa kabla haijazaliwa. Jumamosi baba Yudith atashinda nyumbani. Mtume mtu mwenye ulimi mzuri."

Ndugu msomaji, siku hiyo niliona hata moshi wa lile jiko ni mzuri. Nilikwisha kuanza kuchagua majina ya watoto.

"Ila kuna jambo moja uliweke moyoni," akaendelea. "Wewe si mtu wa huku, huwezi kujua. Katika ukoo wa baba Yudith hatugusi kondoo."

Majina ya watoto yakanitoka kichwani, la kwanza mpaka la mwisho.

"Kondoo... kondoo huyu huyu?"

"Kuna mwingine? Zamani za vita, bibi wa ukoo alijificha pangoni na mtoto mgongoni, maadui wakapita mlangoni. Angekuwa na mbuzi, mbuzi angelia. Alikuwa na kondoo, na kondoo akanyamaza. Tangu siku hiyo hatumli, hatumfugi, ngozi yake hatuikalii. Mimi mwiko huu nimeukuta, lakini nimeushika kuliko waliozaliwa nao."

"Na mtu akimgusa kwa bahati mbaya, mama?"

"Wazee wanasema meno yanang'oka. Lakini meno si kitu. Mtu wa nje anayetugusisha na kondoo huyo ni adui wa ukoo. Haingii tena uani kwetu, yeye wala posa yake."

Mume wake, Mzee Danieli, ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na sadaka ya Jumapili hupita mkononi mwake. Lakini nimejifunza kwamba ukristo wa watu hawa unaanzia kwenye ubatizo, na mwiko wao unaanzia tumboni mwa mama.

"Sasa niambie," akasema Mama Yudith, huku kidole kimekwisha kuzama ndani ya kopo nililoleta. "Umetia nini humu?"

"Nta ya nyuki, mama. Na majani ya mkaratusi, kwa harufu."

"Nta haiwi laini hivi. Nini tena?"

"Na mafuta kidogo ya... mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wa kufugwa, mama."

Akanitazama. Akatabasamu.

"Ficha tu. Mganga hataji mti wake." Na hapo hapo, mbele ya macho yangu, akajipaka mkia wa kondoo kwenye kisigino cha pili.

Kwenye njia ya kisimani nikakutana na Yudith, ndoo kichwani. Huyu ni msichana ambaye huwezi kumdanganya, maana anakungoja umalize, kisha anauliza tena lile swali la kwanza.

"Umeitiwa nini?"

"Mama yako amekubali. Mshenga aje Jumamosi."

"Sasa mbona unatetemeka midomo?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mafuta ninayopika yanatoka kwa kondoo wa kule Mnazi, wale wenye mikia minene ambao Saidi huenda kuwanunua bondeni. Akaishusha ndoo chini.

"Kondoo?"

"Mkia wake tu, Yudith."

"Mkia ni wa nani, wa kuku?"

Akajitazama mikono. Akajishika mashavu.

"Valentino, nimejipaka uso mzima. Tangu Pasaka."

Kisha akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka: akaingiza kidole mdomoni, akayatikisa meno yake ya mbele, moja moja. Yote yalikuwa imara. Akanikaribia, akanionyesha meno hayo bila kutabasamu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Jumamosi mshenga aje kwanza. Baba akishampokea mshenga neno lake halirudi. Halafu tutakwenda mbele yake wote wawili, tumwambie. Siku tano tu. Utaweza kunyamaza siku tano?"

"Nitaweza."

"Kondoo aliweza," akasema, akajitwika ndoo yake.

Saidi alipopata habari hii alicheka mpaka akaweka kisu chini; mwiko aliujua, ila hakujua kwamba kikopo kimoja kilifika kwa Mama Yudith. Saidi ni Mwislamu safi, baba wa watoto watano, na hakuna sherehe ya Maulidi kijijini ambayo pilau yake haikupikwa katika sufuria lile lile tunalopikia mafuta.

"Mshenga ni mimi," akasema. "Mshenga hana dhehebu. Na kinywa changu nimekifunga. Wewe chunga chako."

Nikakichunga. Ndicho kilichoniangamiza.

Nta yangu ya nyuki nilikuwa naipata misheni kwa fundi wa mizinga. Stoo yake iko nyuma kabisa, na ili ufike lazima upite kando ya banda la nguruwe. Nimepita pale miezi na miezi bila mtu kuniuliza hali. Jumanne hiyo, natoka na kifurushi changu kwapani, nikakutana uso kwa uso na Bi Amina.

Bi Amina ni mama mtu mzima anayepika katika harusi na misiba yote ya huku, na kijiji kizima kinakula kwa mkono wake. Pua yake inaogopwa kuliko polisi.

"Shikamoo, Bi Amina."

"Marahaba, Valentino. Umetoka wapi?"

"Huko nyuma."

Akatazama huko nyuma. Nguruwe mmoja akaguna, kana kwamba kaulizwa yeye.

"Na hicho kifurushi?"

"Ni vitu vya mafuta yangu."

"Hee." Akasimama sawasawa. "Hivi yale mafuta tunayojipaka ni ya mnyama gani?"

Neno moja tu lingetosha. Kondoo! Angecheka, tungeagana. Lakini Bi Amina akijua saa nne, Mama Yudith anajua saa tano. Nikaikumbuka ahadi yangu kwa Yudith, nikaikumbuka Jumamosi, na ulimi ukanisaliti.

"Siwezi kukuambia, Bi Amina."

Jamani! Afadhali ningejifanya nimezimia.

Alinitazama, akalitazama banda, akavuta ushungi wake, akaanza kuteremka mlima kwa mwendo ambao sikujua kwamba mama wa umri ule anao. Kufika jioni kijiji chote kilikuwa na habari. Watu walikuwa mtoni wanasugua mikono kwa mchanga. Vikopo vyangu vilitupwa mlangoni kwangu vikawa lundo. Hata Walutheri, ambao nguruwe wanamla tena kwa furaha, waliniletea malalamiko kwamba nimewapaka bila kuwaambia.

Jumatano asubuhi nikamkuta Saidi amekaa kwenye bucha lake, nyama inaning'inia nzima, hakuna mnunuzi hata mmoja. Kisu kilikuwa safi.

"Wanasema nimepika nguruwe," akasema. "Ndani ya sufuria lile. Wanasema sherehe mbili za Maulidi wamekula ndani yake. Mama yangu mwenyewe hajala chakula changu tangu jana, Valentino. Amefunga mlango."

"Saidi, sikiliza..."

"Sema ni kondoo. Neno moja."

"Nikisema, Yudith amekwenda. Zimebaki siku tatu tu, Saidi. Jumamosi utaingia kwa Mzee Danieli, na baada ya hapo nitalitangaza hata msikitini."

Nilijua ninachomwomba, na niliona aibu, lakini sikuacha kuomba. Hilo ndilo ungamo langu la wiki hii, mengine yote ni kelele.

"Wewe una msichana mmoja," akasema mwishowe. "Mimi nina jina moja. Haya. Mimi sitasema. Nilikuambia kinywa nimekifunga. Lakini usiniombe nicheke."

Sikupewa hizo siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Issa, ni mtu asiyependa jambo lilale. Alhamisi saa nane mchana kengele ya shule ikagongwa, mkutano wa dharura, watu wote wazima darasani kwa sababu ya mvua. Watu walijibana katika madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Ajenda ya kwanza ilikuwa matuta ya shamba la kijiji. Hakuna aliyesikiliza. Ajenda ya pili iliandikwa ubaoni kwa chaki: MAFUTA.

Mama Yudith alikuwa mstari wa mbele, kando ya mume wake. Yudith alikuwa nyuma na wasichana wenzake. Saidi alisimama ukutani, peke yake. Nafasi ilikuwepo kwenye madawati, ila kila alipotaka kukaa, mtu alisogea akaijaza.

"Ndugu Valentino," akasema Mwenyekiti. "Kijiji cha ujamaa ni ndugu wanaoaminiana. Tuambie kama ndugu: umetupaka nini?"

"Ndugu Mwenyekiti, naomba nitozwe faini."

"Faini ya nini? Hujasema kosa."

"Kosa lolote mtakaloliona."

Darasa likavuma. Mwenyekiti akamgeukia Saidi.

"Saidi, wewe umepika naye. Wewe ni Mwislamu, una mama, una watoto. Ni mnyama gani?"

Kila mtu akageuza shingo. Kwa neno moja Saidi angelirudisha jina lake, angefunguliwa mlango na mama yake, angeuza nyama yake kabla jua halijatua. Alitazama sakafu.

"Muulizeni mwenye mafuta," akasema.

"Yaani hukani?" akauliza Bi Amina kwa sauti ya kulia. "Saidi, mimi nimekubeba mgongoni! Hukani?"

"Muulizeni mwenye mafuta, mama."

Mtu mmoja akatema mate dirishani. Nilimpenda Yudith, nampenda hata leo ninapoandika, lakini sikuweza kumtazama mtu akivuliwa heshima yake mbele ya kijiji ili mimi nipate mke. Nikapanda juu ya dawati. Lilikuwa la darasa la kwanza, likayumba.

"Ni kondoo!" nikapiga kelele. "Ni mkia wa kondoo! Saidi amemchinja kwa mkono wake na kwa bismillahi! Tangu kikopo cha kwanza ni kondoo, na hakuna nguruwe hata harufu!"

Ikawa shangwe, vicheko, watu wakipigana mabega. Bi Amina peke yake hakucheka.

"Maneno hayana harufu," akasema. "Leteni kikaango."

Likaletwa jiko la mkaa la mwalimu mkuu, na kikaango chake. Bi Amina akachota mafuta yangu kidole kizima katika kikopo kilicholetwa kuwa ushahidi, akayatupia kikaangoni. Kwanza ukapanda mkaratusi, watu wakapiga chafya. Akangoja. Mkaratusi ukaisha, na kutoka chini yake ikaja harufu nyingine, nzito, ya sherehe, ile ambayo kila aliyekula nyama ya bondeni anaijua.

Bi Amina akafumba macho, akavuta pumzi, akafumbua.

"Kondoo," akasema. "Na ni dume."

Alimwendea Saidi ukutani, akamshika mkono, akamwongoza kwenye dawati la mbele na kumkalisha. Machozi yalikuwa yanawatoka wote wawili. Mtu akapiga kelele kwamba ananunua kilo mbili kabla bucha halijafunga.

Mimi sikuwa natazama huko. Nilikuwa natazama mstari wa mbele.

Mama Yudith alikuwa amevua viatu. Alikuwa anatazama visigino vyake vinavyong'aa kama mtu anayetazama wageni walioingia bila kubisha hodi. Kando yake Mzee Danieli akasimama. Yeye ni mtu mrefu, na husimama polepole, kwa hiyo vicheko vilipata muda wa kufa kimoja kimoja. Watu wa hapa wote wanaujua mwiko wake. Niliyekuwa siujui ni mimi tu.

"Mama Yudith," akauliza, "siku ngapi?"

"Wiki tano, baba Yudith."

"Meno?"

"Yapo."

"Yote?"

"Yale yale ya jana."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Danieli akanigeukia, mimi bado nikiwa juu ya dawati la darasa la kwanza.

"Shuka."

Nikashuka.

"Ulipompa mke wangu mafuta yale, ulijua mwiko wetu?"

"Sikujua, mzee. Nilipojua ilikuwa Jumatatu. Na nilipojua nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Mbele yangu Mama Yudith alikuwa ananikodolea macho, anatikisa kichwa kidogo sana. Mshenga alikuwa hajafika. Kusema sababu ilikuwa kuiua posa kwa mkono wangu.

"Niliogopa, mzee."

Akafikiri.

"Kunyamaza Jumatatu mpaka Alhamisi ni woga," akasema. "Woga si uadui. Na leo ulipoona mwenzako anaaibishwa, ukasema. Adui hafanyi hivyo." Akamgeukia dada yake, Esta, aliyekaa karibu na mlango. "Nenda nyumbani. Leta kibuyu cha ukoo, na maziwa."

Esta akatoka mbio na mvua yote ile. Nami sikuelewa, ila niliona Mama Yudith ameshika mkono wa mume wake.

"Baba Yudith, si tungoje mpaka Jumamosi?"

"Jumamosi kuna nini?"

Mama Yudith akauachia mkono ule. Saidi, mshenga wangu, akaanza kukohoa. Mshenga haongelei mkutanoni, huongelea chumbani kwa mwenye binti, na hilo yeye alilijua vizuri kuliko mimi.

Kibuyu kikafika, cheusi kwa uzee, maziwa mpaka mdomoni. Mzee Danieli akakishika kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," akasema, "wazee wetu walituachia njia. Mtu wa nje akitugusisha na kondoo, ni adui, tunamfungia ua. Lakini mtoto wa nyumbani akitugusisha, huo ni utundu tu, anakaripiwa, basi. Kwa hiyo mtu wa nje aliyekosa bila kujua hupewa kibuyu hiki mbele ya watu. Akinywa, anakuwa mtoto wa ukoo kama aliyezaliwa humo. Na kosa lake linakuwa utundu." Akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji. "Mghosi," akaniita, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume kwa heshima, "huna baba. Mimi nimejaliwa mabinti watupu, na nimemwomba Mungu mtoto wa kiume miaka ishirini. Sikujua kwamba angenijibu kwa mkia wa kondoo."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alipiga zaidi ya wote, kwa vile ajenda ilikuwa inakwisha.

Mimi nilianza kulia, na sitaki kuficha, nililia kwa furaha. Nilikuwa nimesamehewa! Tangu baba yangu afe hakuna mtu mzima aliyeniita mwana. Nikainyoosha mikono yangu kukipokea kibuyu, kikanifikia, kilikuwa cha uvuguvugu, nikakipeleka mdomoni.

Hapo ndipo akili, ambayo kwangu huja kwa miguu, ikafika.

Mtoto wa ukoo. Kama aliyezaliwa humo.

Nikakisimamisha kibuyu kwenye midomo. Nikinywa, nina baba, nina mama, nina nyumba, na Yudith si wangu milele. Nisipokunywa, mimi ni adui, ua umefungwa, na Yudith si wangu milele. Maziwa yalinigusa mdomo wa juu. Sikumeza, wala sikutema.

"Kunywa, mwanangu," akasema Mzee Danieli, kwa upole ambao sitausahau. Kisha akatazama nyuma ya darasa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Yudith, njoo mbele. Mkaribishe kaka yako."

Yudith alisimama. Hakuja mbele.

"Baba," akasema, "asinywe."

Darasa zima likageuka, madawati yakalia. Mzee Danieli alimtazama binti yake. Akanitazama mimi na kibuyu changu. Akamtazama Saidi, aliyekuwa anakohoa bila kifua. Mwisho akamtazama mke wake, ambaye alikuwa ameinama anavaa viatu ambavyo havikutaka kuingia.

"Nani ataniambia," akauliza taratibu, "kwa nini mwanangu asinywe?"